Kufuga mbwa Berlin: unachotakiwa kulipa

Ujerumani mbwa hulipiwa kodi. Berlin inatoza euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza, na euro 180 kwa kila anayeongezeka. Toa taarifa ofisi ya kodi ndani ya mwezi mmoja tangu umpate. Usitarajie fedha hiyo imrudie mbwa. Huingia mfuko mkuu wa jiji.

Usajili ni jambo jingine kabisa. Tangu 2022 kuna daftari la mbwa la jiji: euro 17.50 ukijisajili mtandaoni, euro 26.50 kwa njia nyingine. Mbwa awe na chipu chini ya ngozi, nawe uwe na bima ya kufidia madhara, walau ya euro milioni 1. Bima usiidharau: akimwangusha mwendesha baiskeli, gharama ni zako.

Unamleta kutoka Dar es Salaam au Nairobi? Anza miezi mingi kabla. Chipu kwanza, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki. Zikipita siku 30, hutolewa damu ya kupima kingamwili katika maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya. Majibu yakiwa mazuri, bado utasubiri miezi 3 tangu siku ya kutolewa damu. Hapo ndipo wasafiri wengi hukwama, tiketi mkononi.

Na mifuko ya kuzolea kinyesi? Sheria ya Berlin inataka uwe nayo hata kabla mbwa hajajisaidia.