KUZIBA SI KUBANDIKA
Somo juu ya kutengeneza sakafu ya mashua inayoondolewa



Wengi kati yetu tunajua mashua za mbao za ziwa Tanganika. Tunajua kwamba ufa katikati ya mbao mbili unaomba kalafati, na kazi hiyo inarudi kila mara. Leo tutaangalia mashua ya namna nyingine: mashua ya matanga iliyofanywa kwa nyuzi za kioo na rezini ya poliesta. Zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani na Ulaya katika miaka ya 1950 na 1960. Mfano mmoja ni Triton, iliyochorwa na Carl Alberg na kuonyeshwa New York mwaka 1959. Urefu wake ni zaidi ya mita 8, na zilitengenezwa zaidi ya 700. Mashua za miaka ile zimezeeka sasa, lakini nyingi zingali majini. Ugonjwa wao mkubwa ni maji yanayoingia ndani ya sakafu.

1. Sakafu hiyo iko namna gani?

Nyuma ya mashua kuna shimo pana ambamo watu wanakaa na kushika usukani. Sakafu ya shimo hilo iko juu kupita usawa wa maji ya nje, ili maji ya mvua na ya mawimbi yatoke yenyewe kwa mabomba. Chini ya sakafu, mara nyingi, kuna motere. Basi katika mashua nyingi waundaji waliacha mlango katikati ya sakafu, wakaufunika kwa kifuniko kinachofungwa kwa visi kandokando. Motere ikiharibika, fundi anatoa visi, anainua kifuniko, anashuka.

Kifuniko chenyewe kina sehemu tatu: ngozi ya juu, moyo wa mbao (triplex au mbao nyepesi inayoitwa balsa), na ngozi ya chini. Sababu gani wasifanye ngozi moja nene? Kwa sababu ngozi mbili zikikaa mbali kidogo na kushikwa na moyo, zinakuwa ngumu bila kuwa nzito. Moyo ukioza, ngozi zinaachana. Hapo sakafu inabonyea chini ya mguu.

2. Maji inaingia wapi?

Maji hayapiti katika ngozi nzima. Yanapita katika tundu la visi. Mastiki ya zamani inakauka, inapasuka, na kila mtu anayekanyaga kifuniko anaifungua kidogo zaidi. Tone moja linashuka kando ya visi na kukuta mbao tupu. Katika triplex linafuata nyuzi za mbao na kwenda mbali. Jua haliwezi kulikausha, maana liko katikati ya ngozi mbili. Hivi mbao inaoza gizani, na juu rangi ingali nzuri.

Kwa kupima, tugonge kifuniko polepole kwa mpini wa turnevisi. Mahali pazima panatoa sauti kali na safi. Mahali palipooza panatoa sauti nzito, iliyokufa. Kisha tutoe visi moja: ikiwa mbao inayotoka ni nyeusi na yenye maji, hakuna tena sababu ya kuuliza.

3. Hatari yake

Tufanye hesabu. Shimo lina urefu wa mita 2 na upana wa mita 0,60. Wimbi linalijaza mpaka kimo cha mita 0,30. 2 × 0,60 × 0,30 = mita kibiki 0,36, ndiyo litre 360, uzito wa kilo 360. Ikiwa kifuniko kina mita 0,80 kwa 0,50, maji yaliyo juu yake peke yake yana kilo 120, na bado hatujahesabu mtu anayesimama hapo. Kifuniko kilichooza kikivunjika saa ile, maji mingi yanashuka kwa motere na ndani ya mashua. Motere inakufa wakati ule ule inapohitajiwa.

4. Kutengeneza moyo

a) Mbele ya kuinua kifuniko, tutie alama upande wa mbele. Tukate mastiki ya zamani kwa kisu chembamba, tuinue kwa kabari za mbao. Chuma kinavunja kingo.

b) Tukigeuze, tufanye kazi kwa upande wa chini, ili ngozi ya juu isiharibike. Tukate ngozi ya chini na kuacha ukingo pande zote. Tuondoe mbao yote iliyooza, hata ile inayoonekana nzuri lakini ina maji. Tukaushe, tupige msasa, tusafishe kwa asetoni.

c) Tukate triplex ya mashua yenye unene ule ule. Tuibandike kwa epoksi mahali palipo sawasawa kabisa, na vitu vizito juu yake, na karatasi ya plastiki katikati ili visishikane.

d) Tufunike kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na epoksi. Pale ngozi mpya inapokutana na ya zamani, ukingo upunguzwe kwa mteremko wa mara 12: ngozi ya milimeta 3 inaomba mteremko wa milimeta 36.

Epoksi ipimwe kama walivyoandika kwenye bidon. Kuongeza dawa ya kugandisha hakuharakishi kazi; kunaiharibu. Tuvae glavu, na tuchanganye kidogo kidogo, sababu chombo kilichojaa kinapata moto mpaka kutoa moshi.

5. Tundu la visi

Hapa ndipo mafundi wengi wanafanya haraka, na ugonjwa unarudi. Visi ya milimeta 6 isipite katika mbao. Tutoboe kwanza milimeta 12, tujaze epoksi iliyofanywa nzito kwa unga wake, tungoje igande, kisha tutoboe katikati yake milimeta 6. Sasa visi imezungukwa na ukuta wa milimeta 3. Siku mastiki itakapochoka, maji yatakuta ukuta, hayatakuta mbao. Kingo zote za kifuniko zifungwe vilevile.

6. Kuziba

Mtu anafikiri gundi yenye nguvu kupita zote ndiyo nzuri kupita zote. Hapana. Mastiki kali ya poliuretani inashika mpaka siku ya kufungua inang'oa ngozi yenyewe. Silikoni nayo inaacha mafuta ambayo rangi na gundi nyingine hazitashika juu yake. Kwa kifuniko hiki inafaa utepe wa butile, ambao unabaki laini, au mastiki ya polisulfidi, ambayo inakatika kwa kisu. Midomo ya tundu ipanuliwe kidogo ili mastiki ifanye pete chini ya kichwa cha visi. Visi zikazwe kidogo kidogo, upande huu kisha upande wa pili, bila kukamua mastiki yote nje. Butile ikazwe tena kisha siku chache.

Mwisho, tuzibe mabomba, tumwage maji kimo cha santimeta 5, na mmoja wetu akae chini na taa na kitambaa kikavu kwa saa moja. Kitambaa ndicho kitatoa jibu.

Neno la kushika ni hili: kubandika ni kuunganisha vitu visivyotakiwa kuachana, kuziba ni kukataza maji kupita. Kifuniko cha tangi au cha pompe kinafuata sheria ile ile. Kinachofunguliwa kizibwe, kisibandikwe.

MASWALI
1. Sababu gani moyo unaoza na ngozi ingali nzuri?
2. Visi ina milimeta 8, tundu la kwanza milimeta 14. Ukuta wa epoksi una unene gani?
3. Shimo la mita 1,80 kwa 0,50 limejaa maji mpaka mita 0,40. Maji yana kilo ngapi?