Wanakutazama: Mtoto Hujifunza kwa Macho Kabla ya Masikio

SOMO LA WIKI
Someni kwanza: Waamuzi 7:15–18, 1 Wakorintho 11:1, 2 Timotheo 1:5



Juzi nilikuwa nimeketi sebuleni, chai mkononi, simu ikalia. Alikuwa fundi aliyenitengenezea mlango, bado ananidai elfu mbili. Nikamwambia, "Niko kwa matatu, kuna jam mbaya, nitakupigia." Kijana wangu wa miaka minne alikuwa anacheza pale sakafuni. Sikumjali. Jioni mamake akamwita akaoge. Akachukua kopo, akaliweka sikioni, akasema, "Niko kwa matatu, mum, kuna jam." Mamake alicheka sana. Mimi sikucheka.

Hakuna siku nimemfundisha yule mtoto kudanganya. Ama nimemfundisha?

JARIBIO LA MWANASESERE

Mwaka wa 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake walichukua watoto 72 wa shule ya chekechea, wa kati ya miaka mitatu na sita. Watoto 24 walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa upepo: ngumi, mateke, nyundo ya mbao, na maneno makali juu yake. Wengine 24 walimwona mtu mzima akicheza kwa utulivu. Wengine 24 hawakuonyeshwa mtu yeyote.

Baadaye kila mtoto alipelekwa chumba kingine chenye vitu vya kuchezea, mwanasesere akiwemo. Wale walioona kipigo, wengi wao walipiga vilevile, kwa nyundo ileile, hata kwa maneno yaleyale. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Waliona tu.

Lakini sikia hili, ndilo lililonikosesha usingizi. Mwaka wa 1965 Bandura aliwaonyesha watoto filamu ya mtu anayempiga mwanasesere. Kundi moja liliona akipewa zawadi, lingine likaona akiadhibiwa, na la tatu halikuona zawadi wala adhabu. Walioona adhabu waliiga kidogo. Ungesema, basi, hawakujifunza. Kumbe! Watoto walipoahidiwa zawadi wakionyesha yale waliyoyaona, tofauti ile ikaisha. Wote walikuwa wameyashika. Walikuwa wanangoja tu sababu ya kuyatoa.

Mzazi, usijifariji ati mtoto wako hajarudia ulichofanya. Huenda amekiweka akiba.

MAMBO MANNE

Bandura alieleza kwamba kujifunza kwa kutazama kunapitia hatua nne.

1. Kukazia macho. Mtoto hatazami kila mtu sawasawa. Anamkazia macho anayempenda na anayemwona ana uwezo. Nyumbani, huyo ni wewe.

2. Kukumbuka. Anaweka picha na maneno moyoni, hata kama hayatumii leo.

3. Kuweza. Anarudia kile ambacho mwili na ulimi wake unaweza. Kusema uongo kwa simu hakuhitaji nguvu nyingi.

4. Kupata sababu. Anaangalia aliyetenda amepata nini. Mimi nilidanganya, fundi akasema "sawa", nikarudia chai yangu. Mtoto aliona uongo umefaulu.

Maandiko yanalijua jambo hili. Gideoni alipokuwa na watu 300 tu, hakuwachosha kwa maelezo marefu. Aliwataka wamwangalie yeye kisha wafanye vivyo hivyo. Paulo naye aliwaomba Wakorintho wamwige, lakini akaweka mpaka: yeye mwenyewe alikuwa anamwiga Kristo. Na imani ya Timotheo, Paulo anaitaja kwanza kwa nyanya yake Loisi na mamake Eunike. Tunaweza kuamini kijana huyo aliona mengi pale nyumbani kabla ya kuitwa kwa huduma.

KUNA TUMAINI

Mlango huu hauingizi mabaya tu. Mwaka wa 1967 Bandura na wenzake walichukua watoto wadogo waliokuwa wakiogopa mbwa. Kwa vipindi vifupi vinane, walimtazama mtoto mwenzao akicheza na mbwa bila woga. Wengi wao walianza kumkaribia na kumgusa. Ujasiri pia unaambukiza.

Tena, mwanadamu si mashine. Mwaka wa 1986 Bandura aliliita fundisho lake nadharia ya utambuzi wa kijamii, akisisitiza kwamba mtu hufikiri na kuchagua, haendeshwi tu na aliyoyaona. Kwa hivyo wewe uliyelelewa kwa matusi na kipigo, hujafungwa hapo. Unaweza kuchagua mfano mwingine, na watoto wako wakauona.

Mimi nilianza hivi. Kesho yake nilimpigia fundi, kijana akiwa kando yangu. Nikasema, "Ndugu, jana nilikudanganya. Nilikuwa nyumbani, sina pesa. Nisamehe. Ijumaa nitakulipa." Fundi alinyamaza kidogo, kisha akanikemea vizuri tu. Kijana akaniuliza, "Baba, ulidanganya?" Nikamjibu, "Ndiyo, na nimekosa." Haikuwa rahisi. Lakini kama aliona dhambi yangu, ilibidi aone toba yangu pia. Na Ijumaa alikuja nami kumlipa.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni neno gani umewahi kusikia kwa mtoto ukajua limetoka kwako?
2. Watoto wetu wanatuona tukiwatendea vipi wafanyakazi wa nyumbani, makanga na majirani?
3. Wiki hii, ni kosa gani utaliomba msamaha mbele ya wale waliokuona ukilifanya?

TUOMBE

Baba, macho madogo yanatutazama. Tusamehe yale waliyokwisha kuyaona. Tupe neema wakituiga, wawe wanamwiga Mwanao. Amina.