Pile za Mashini ya Mkononi



Hesabu ya watu wote wa inchi yetu ya mwaka 1984 iliandikwa kwenye karatasi. Siku hizi, mwenye kupima mashamba ao kuandika watoto waliochanjwa anaweza kubeba mashini ndogo mkononi. Karatasi haiombi umeme, mashini inaomba. Ikizimika, kazi inasimama, na mama aliyetoka mbali na mtoto mgongoni anangojea bure. Basi tujifunze kuhesabu mbele ya safari.

1. Tuchukue mashini ya pile mbili za kuchaji. Kila pile ina volti 1,2. Zikipangwa moja nyuma ya ingine zinatoa volti 2,4, lakini saa za kazi haziongezeki.

2. Kila pile ina miliampere-saa 2.000. Kama mashini inakula miliampere 200, tunagawanya: 2.000 : 200 = saa 10.

3. Tusizitegemee zote 10. Mwangaza wa kioo na kutafuta satelaiti vinakula sana. Tupunguze mwangaza, tuzime kile hatutumii.

4. Tusichanganye pile ya zamani na mpya. Ile zaifu inaisha mbele, na ingine inaendelea kuisukuma mpaka inaharibika ao inatoa maji.

Zoezi: Kazi ni ya siku mbili, saa 7 kila siku, kijijini bila umeme. Tubebe pile ngapi?

Jibu: Saa 14 zinapita pile mbili. Tubebe 4, na akiba inabaki.

Wanawali watano wenye akili walibeba mafuta mbele ya usiku kuingia. Na sisi tufanye vile.