Kilele au Mnara? Istilahi za Hekalu la Kihindu katika Kiswahili

1. Utangulizi

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Wahindi waliofuata njia hiyo, wengi wao wafanyabiashara, walikuja na dini zao, na hadi leo mahekalu ya Kihindu ni sehemu ya mji huo. Hata hivyo, mwanafunzi anayeyaeleza kwa Kiswahili huishia kutaja “mnara” na “mapambo” tu. Makala haya yanadai kwamba maneno hayo yanapotosha, ilhali msamiati ufaao umo katika lugha yenyewe.

2. Umbo la hekalu

Chukua mfano wa hekalu la Kandariya Mahadeva, Khajuraho, lililojengwa katika karne ya 11. Mwenye kuabudu hupanda jukwaa la mawe, akapita kumbi za nguzo, kisha akafikia chumba kidogo chenye giza kiitwacho garbhagriha, yaani nyumba ya mimba. Juu yake huinuka shikhara. Katika Kisanskriti, neno hilo lina maana ya kilele cha mlima. “Mnara” humpeleka msomaji msikitini, kwenye adhana. “Kilele” hubeba maana ile ile ya asili. Vivyo hivyo, “chumba cha ndani” huonyesha mahali tu, na kulipoteza wazo la uzazi.

3. Ufundi wa mawe

Mawe ya Khajuraho yalipangwa bila chokaa, yakashikiliwa na uzito wake na viungo vilivyochongwa. Msomaji wa ukanda wa Ziwa anao mfano wa karibu: Thimlich Ohinga, Migori, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake nazo hazina kiunganishi, ila mawe yake hayakuchongwa. Basi fundi wa Thimlich alipanga. Wa Khajuraho alichonga, kisha akapanga.

Neno “mapambo” nalo halitoshi. Pwani, nakshi ni maua na mistari ya milangoni. Katika hekalu zimo nakshi, lakini zimo pia sanamu za miungu, wachezaji na wanyama, ambazo mwenye kuabudu huzitazama akilizunguka hekalu. Sanamu hizo hufundisha, hazirembi tu.

4. Hitimisho

Istilahi njema hutokana na kuelewa kazi ya kitu kabla ya kukipa jina. Kilele, nyumba ya mimba, nakshi na sanamu ni maneno ya Kiswahili cha kawaida. Yakitumiwa kwa uangalifu, hekalu la jirani litaelezwa bila kugeuzwa kuwa msikiti wala kanisa.