Ukirudi Bunyakiri kutoka misheni, chemsha mutobe kwanza

Bidoni langu lilipasukia kwenye kizuizi, Jumamosi asubuhi, mbele ya askari wawili, mama mmoja mwenye kuku, na motari aliyekuwa ameniapia kwamba nitafika Bukavu bila tone la tope kwenye shati. Lililia pa! Sote tukalala chini. Kuku peke yake alibaki amesimama. Askari mmoja akainua kichwa, akanusa, akanitazama: shati jeupe, tai, viatu vya kung'aa, povu linanitiririka shingoni.

“Pasta,” akasema, “unabeba kasiksi?”

Mimi si pasta. Nilikuwa na siku tisa tangu nirudi kutoka Lubumbashi, misheni ya miaka miwili ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hao wanaoitwa Wamormoni. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, sijaigusa tangu nilipobatizwa nikiwa mwanafunzi Bukavu. Lakini asubuhi ile nilinuka kasiksi toka kola hadi soksi, na kesho yake nilikuwa nitoe ripoti ya misheni kanisani.

Vijana wawili wanaokaribia kumaliza misheni yao wameniuliza namna ya kuzoea nyumbani. Nimewaahidi hatua chache. Haya.

Hatua ya kwanza ni usingizi. Misheni unaamka saa kumi na mbili na nusu kila siku ya Mungu, na baada ya miaka miwili unajiona shujaa. Asubuhi yangu ya kwanza nyumbani niliamka saa hiyo hiyo, nikasali, nikatandika kitanda, nikatoka nje ili mama anione. Mama hakuwepo. Alikuwa kwenye mihogo tangu giza. Aliporudi, kikapu mgongoni na kamba kwenye paji la uso, alinikuta nimesimama uwanjani nikingoja sifa. “Umeamka sasa hivi?” akaniuliza. “Ao uko mugonjwa?”

Ya pili ni mwenzi. Misheni hutembei peke yako, mnakwenda wawili wawili, na mwenzi wako haruhusiwi kukupotea machoni. Usiku wa kwanza nilishikwa na haja, nikafika mlangoni, miguu ikakataa. Choo kiko hatua thelathini, nyuma ya migomba. Nikamwamsha mdogo wangu wa miaka kumi na moja: “Elda, twende.” Akanisindikiza siku tatu. Usiku wa nne akadai faranga mia mbili. Nikalipa.

Hilo la “Elda” nalo lina mambo yake. Ndivyo tunavyoitwa wamisionari wa kiume, na kwa Kiswahili maana yake ni Mzee. Zamani mmisionari alipiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, Noeli na siku ya akina mama. Tangu Februari 2019 tunaruhusiwa kila wiki, basi kila Jumatatu mama aliweka simu kwenye kipaza sauti na mtaa mzima ukasikia mtoto wake anaitwa Mzee. Baba mdogo alikuwa ameingoja siku yangu ya kurudi. “Uko muzee wa nani weye,” akaniuliza mbele ya wageni, “na ndevu hauna?” Bibi yangu nilimsalimia “Dada, habari ya asubuhi,” kama nilivyozoea kanisani. Akamwita mama pembeni kumwuliza kama huko Lubumbashi waliniroga. Nikaomba bukari kama Mlubumbashi. Hapa ni bugali, na wadogo zangu wananiita Bukari mpaka leo.

Kuna filamu ya vichekesho ya Wamarekani, The R.M., ya mwaka 2003. Kijana anarudi kutoka misheni, hakuna aliyekuja kumpokea, familia imehama nyumba, mchumba amekwisha kuposwa na mwingine. Mwenzi wangu mmoja alinisimulia yote usiku wa mvua kule Katuba, nikamhurumia sana yule kijana. Sasa simhurumii. Kurudi nyumbani ukakuta kimya! Mimi nilikuta watu arobaini na mtungi.

Hatua ya mchumba: wangu ameolewa Kavumu. Nitaandika siku nyingine. Sitaandika.

Chai nayo inakatazwa na Neno la Hekima, sheria ya kanisa letu kuhusu vinywaji, lakini haina shida kubwa. Mama ni wa Cepac, kanisa la Kipentekoste, pombe hataki kuisikia, lakini chai ya asubuhi kwake ni kama sala, na nilipoikataa alilia. Panda mchaichai nyuma ya jiko, uchemshe huo, mama atatulia. Tuendelee, maana hapa ndipo penye kazi.

Baba mdogo alikuwa amenikamulia kasiksi ya kunipokea, mtungi mzima, na mrija mpya wa mgeni. Nikakaa kwenye duara, mrija ukanifikia, nikasema kanisa langu linakataza. “Kanisa lenu la jana hilo?” Nikamwambia serikali ya Zaire ililitambua mwaka 1986. Akasema mwaka huo yeye alikuwa tayari anakunywa. Watu wakacheka, nikadhani yamekwisha.

Siku ya pili nikajiona mjanja. Nilipanda Bulambika nikanunua Fanta, kwenye duka moja ambalo mwenyewe akiona tai anakufanyia bei ya mzungu aliyekuja kutazama sokwe wa Kahuzi-Biega (nilimsamehe, ila sirudi). Nikaja nayo kwenye duara, kizibo kimefungwa, nikaifungua mwenyewe kwa meno, nikanywa kwa furaha. Baba mdogo akasimama, akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Usiku mama akanieleza. “Umemwambia iko na karuho.”

Asiye wa kwetu huenda hajui. Karuho ni sumu, ile ya kutiwa kwenye kinywaji kwa ukucha wa kidole, na huku hakuna kifo cha ghafla ambacho hakitajiwi jina hilo. Ndiyo maana mwenye mtungi huonja kwanza mbele ya watu. Mtu wa Cepac akikataa, haji kwenye duara kabisa, anapita na kusalimia. Mimi nilikuja, nikaketi, nikakataa mtungi uliokwisha kuonjwa na baba yangu mdogo, kisha nikaleta chupa iliyofungwa kiwandani. Miaka miwili nimefundisha watu habari za kileo, na siku ile kileo hakikuwa na neno lolote. Pombe wangenisamehe. Chupa iliyofungwa ndiyo iliyotukana.

Basi kinywaji chako kitoke kwenye mtumbwi uleule wa ndizi, kwa mkono uleule, kionjwe na mdomo uleule. Na kinywaji hicho kipo: mutobe.

Ndizi za pombe huzikwa shimoni, zimefunikwa majani ya mgomba, siku tatu au nne mpaka zilegee. Humenywa, hutiwa kwenye mtumbwi wa mti, hukandwa kwa majani makavu. Usidharau yale majani: bila hayo unapata uji, nayo ndiyo yanayoyatenga maji ya ndizi na nyama yake. Maji yale matamu, kabla ya kutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, ndiyo mutobe. Uende wewe mwenyewe siku ya kukamua, alfajiri (hapa saa kumi na mbili na nusu umechelewa), ukande pamoja nao hadi mikono iwake, halafu uombe fungu lako kabla mtama haujaingia. Baba mdogo alinitazama nikikanda, hakusema neno. Nilipomaliza akachota kwa kibuyu, akaonja, akanipa. “Ya Muzee,” akasema. Tukaketi kwenye duara, wao na ya juzi iliyokwisha kuchacha, mimi na yangu.

Sasa kosa langu. Nilidhani bila mtama mutobe hauwezi kuwa pombe. Mtumbwi ule umekamuliwa kasiksi tangu kabla sijazaliwa. Chachu imelala ndani ya mti wenyewe, haingoji mtama wako. Nilijaza bidoni la lita tano mpaka shingoni, niwapelekee ndugu wa kanisa Bukavu, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote kwa sababu muuzaji wa Kadutu aliniapia kwamba bidoni lile halivuji. Kweli, halikuvuja. Lilikaa siku mbili kwenye joto la jiko, kisha likapanda pikipiki, likatingishwa kwenye mashimo yote ya barabara ile.

Uchemshe siku ileile. Usipashe tu, uchemshe mpaka povu lipande, uliondoe, likirudi uliondoe tena. Uache upoe umefunikwa. Bidoni lioshwe kwa maji ya moto, lisiwe limewahi kubeba kasiksi hata siku moja, na usilijaze: acha nafasi ya ngumi. Kifuniko kikae kama kofia tu. Nikifanya hivyo, wangu unakaa siku mbili mtamu. Siku ya tatu sinywi, nampa baba mdogo, na nadhani ndiyo sababu siku hizi ananikumbusha kuchemsha kidogo tu.

Askari walinichaji elfu moja ya usumbufu. Nililifua lile shati Bukavu mara tatu, likakauka usiku, na lilipopigwa pasi ya makaa harufu ikafufuka. Nikatoa ripoti yangu hivyo hivyo, dakika kumi na tano, nikiongelea Neno la Hekima, na safu ya mbele ikivuta pumzi kwa uangalifu.

Baada ya mkutano mzee mmoja wa makamo, mtulivu, alinishika mkono kunisalimia, asiuachie. Akauleta mkono wa shati karibu na pua yake, akafumba macho.

“Ya Bunyakiri hii,” akasema. “Ndizi za kuzika.” Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini narudi kwetu lini, na kama ule uliochemshwa unaruhusiwa.