Kinundu Shingoni: Mbona Daktari Anasema "Tusubiri"?

Tuchukue mfano. Msichana wa kidato cha pili anafunga tai asubuhi, anagusa kitu kama punje ya hindi mbele ya shingo. Hakiumi. Mama anashtuka, maana mdogo wake aliwahi kutolewa tezi ya shingo kwa sababu ya saratani. Hospitalini wanapiga picha ya ultrasaundi: kinundu cha milimita 7, kingo laini. Daktari anasema, "Rudini baada ya miezi sita." Mama anawaka: "Yaani tungoje mpaka kiive?"

Hapana, mama. Ngoja kwanza.

Tezi hii ni thairoidi. Ina umbo la kipepeo, na ukimeza mate hupanda na kushuka. Hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili kutumia chakula. Ikikosa madini hayo huvimba, ndiyo rovu iliyojulikana sana zamani huko Iringa na Mbeya. Kinundu ni uvimbe wa sehemu moja tu ndani ya tezi.

Kwa watu wazima, katika vinundu 100 ni kama 5 hadi 10 tu ndivyo saratani. Vijana hawavipati sana, lakini vyao huwa saratani zaidi, kama 22 hadi 26 katika 100. Kwa hiyo hakiachwi hivi hivi.

Je, habari ya ukoo? Usiulize tu kama kuna saratani, uliza ni saratani gani! Ile ya kawaida, papilari, mara nyingi haifuati ukoo, ingawa ndugu wa karibu wawili au zaidi wakiugua daktari huwa macho. Lakini ile ya medula, mgonjwa mmoja kati ya wanne hivi ameirithi, kupitia jeni iitwayo RET. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ni kama kurusha shilingi: nusu kwa nusu. Hapo hakuna kusubiri. Jeni hupimwa, na tezi huweza kutolewa hata kabla saratani haijaanza.

Basi kwa nini wengine wasubiri? Kwa sababu kisu nacho kina gharama. Tezi yote ikitolewa utameza vidonge maisha yako yote, na mshipa wa fahamu wa sauti uko jirani kabisa. Kwa hiyo kinundu kidogo kisicho na dalili mbaya hupigwa picha tena baada ya miezi 6 hadi 12. Kikikua, au kingo zikianza kuharibika, sindano nyembamba hunyonya chembe zikaangaliwe kwa hadubini.

Tahadhari moja: ukiambiwa "damu iko sawa", usishangilie sana. Kipimo cha homoni huonyesha tezi inafanyaje kazi, siyo kama kinundu ni salama.

Usingoje tarehe kama sauti inakwaruza kwa wiki kadhaa, kumeza kunasumbua, kinundu ni kigumu na kinakua haraka, au matezi yametokeza pembeni mwa shingo.

Na yule mama mdogo? Mfuate, kwa heshima, umwombe cheti chake cha maabara. "Alikatwa shingo" haimsaidii daktari. Jina la saratani na umri aliougua ndivyo anavyohitaji. Viandike daftarini pamoja na milimita za kila picha, na picha ya zamani uende nayo.