NENDENI MKAJIONYESHE
Somo kwa vijana wa iniversite na wazazi wao
Masomo: Luka 17:11-19, Walawi 13



Leo tunasema na vijana wetu wanaosoma mbali na wazazi. Ni neno la haya, lakini haya isiue watoto wetu.

Kijana anakuja kuombewa, ana kidonda sehemu za siri. Tunaomba, anafunga, na baada ya majuma kidonda kinapotea. Anasimama kushuhudia, nasi tunapiga makofi. Je, amepona?

1. Tujue ugonjwa. Kidonda cha kaswende mara nyingi hakiumi, na hujifunga chenyewe baada ya majuma 3 hadi 6, hata bila dawa. Lakini ugonjwa unabaki mwilini. Miaka ikipita unaweza kuharibu moyo na ubongo; mama mwenye mimba anaweza kumwambukiza mtoto tumboni. Sopisi, kwa wasichana wengi, haina alama, lakini inaweza kuleta utasa. Virusi vya sida navyo vinaweza kukaa miaka mwilini bila alama.

2. Tujue Maandiko. Wale wenye ukoma 10, Yesu aliwatuma kwa makuhani. Katika Torati kuhani ndiye aliyetazama ngozi, akangoja siku 7, akatazama tena. Basi kupimwa si kukosa imani. Mungu akiponya, damu nayo itashuhudia.

3. Tufanye nini? Njia ya Bwana ni kujizuia mpaka ndoa, na katika ndoa uaminifu. Wachumba wapimwe pamoja. Aliyeanguka asiongeze kosa juu ya kosa: kapoti hupunguza sana hatari, tena aende kwa munganga upesi. Kaswende huponywa kwa sindano ya penisilini, na mwenzake atibiwe pia. Sida haina dawa ya kuimaliza, lakini dawa za kila siku hulinda maisha. Asiziache kwa ajili ya unabii wala maji ya baraka.

4. Na sisi mashemasi? Tumekosa kupokea ushuhuda bila kuuliza. Tena siri ya mgonjwa ikitoka kwetu, wa pili hatakuja. Atajificha, naye ataambukiza wengine. Tuombe pamoja naye, tumsindikize hospitali, tufunge midomo.

Maswali ya kujibu nyumbani: Kwa nini Yesu aliwatuma kwa makuhani? Mtoto wako akiugua ugonjwa huu, atathubutu kukuambia?

Mungu awabariki.